Shikamoo Kwenye Mizani

Neno lenyewe lilimtoka Abuu bila kumwomba ruhusa, kama chafya inavyomtoka mtu msibani.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, katika ukumbi mmoja wa Dodoma. Watu walikuwa wamejaa kutazama mabondia wakipima uzito kwa ajili ya mapambano ya kesho yake. Abuu alikuwa ameshapanda mizani akashuka. Mpinzani wake, Stanley Mazengo, naye alikuwa ameshapanda akashuka. Kilichobaki ni ile desturi ya kutazamana: wawili wanasimama pua kwa pua, ngumi zimeinuliwa, wapiga picha wanafanya kazi yao, na kila mmoja anamwaga tambo zake. Evodia, mwanamke aliyeandaa pambano, alikuwa amemkumbusha Abuu tangu alfajiri kwamba watu huja kutazama ngumi, lakini kinachowatoa nyumbani ni maneno.

Na Abuu hakuwa mgeni wa maneno. Miaka saba alipigana kwenye kizimba cha waya, ule mchezo wa mateke, mieleka na ngumi ambao vijana wanauita MMA, hapa nchini na nje ya nchi, na kote huko alijulikana kwa jina la Nyuki. Jina lilikuwa na sababu mbili. Alitoka Busi, kwenye familia ya wafuga nyuki, na mdomo wake ulikuwa na mwiba. Kwa siku hiyo alikuwa ameandaa tambo mbili. Angemwambia Stanley kwamba kesho atalala mapema kuliko kuku. Kisha angemwambia atafute mapema mtu wa kumpalilia zabibu zake kule Hombolo, maana mikono yake haitashika jembe mwezi mzima.

Stanley akainua ngumi ya kushoto. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, kinatazama nje peke yake kama mtoto aliyenuniwa na wenzake. Abuu akakitazama kile kidole. Akakitazama tena. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu atie saini mkataba, akamtazama mwenye kidole usoni sawasawa, na badala ya kuku na zabibu akasema, kwa sauti ya mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani:

"Shikamoo."

Kipaza sauti kilikuwa karibu. Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Stanley hakucheka. Taya lake lilikaza, kisha akatoa jibu ambalo hakuna aliyewahi kulisikia likitolewa kwa shikamoo.

"Poa," akasema, akashuka jukwaani.

Kwa karatasi za leseni, Stanley Mazengo alikuwa na miaka thelathini na minane, na Abuu thelathini na mmoja. Miaka saba kati ya wanaume wawili wa kazi moja si shikamoo. Ni mambo vipi, ni habari za leo. Ukimpa mtu wa namna hiyo shikamoo mbele ya kamera, maana yake ni moja tu: umemwita mzee. Kabla ya adhuhuri kipande kile cha video kilikuwa kimezunguka mji wote, na juu yake wameandika Shikamoo Babu. Evodia alimpigia Abuu simu kumpongeza. Alisema katika tambo zote alizowahi kuzisikia, hiyo ndiyo fupi na ndiyo chungu kuliko zote.

Abuu alishindwa kumweleza kwamba haikuwa tambo.

Kile kidole alikijua. Alikiona kikivunjika.

Alipokuwa na miaka saba, kaka yake mkubwa, Uwesu, alirudi Busi likizo kutoka kambi ya jeshi la kujenga taifa, akaja na rafiki. Walikuwa wamepishana miezi miwili kuzaliwa, na mama alipenda kusema kwa utani kwamba yule ni pacha aliyechelewa njiani. Yule rafiki alikuwa akiamka kabla ya jua, anakimbia mlima kwenda na kurudi, kisha anaruka kamba uani mpaka kuku wanahama. Watoto wakamwita Kaka Mazoezi, na Abuu hakuwahi kumjua kwa jina jingine. Kazi ya Abuu ilikuwa kumpelekea karai la maji ya kunawa. Malipo yake yalikuwa kufungwa vitambaa mikononi na kuruhusiwa kupiga ngumi kwenye kiganja cha yule mgeni, moja, mbili, moja, mbili. Siku moja Kaka Mazoezi alimsaidia mama kuteka maji kisimani, kamba ikateleza, kidole kikabanwa kwenye kapi. Abuu alisikia kikilia kama kijiti. Mwenye kidole alisema tu, "Aa," akamalizia kuvuta ndoo.

Uwesu alifariki kwa ajali ya barabarani miaka michache baadaye. Angekuwa hai, angekuwa na miaka arobaini na mitano. Abuu alipiga hesabu akiwa amekaa kitandani, na kila alivyoipiga ilimrudia vilevile. Kama karatasi za Stanley zilisema kweli, basi Kaka Mazoezi alikuwa kambini akiwa na miaka kumi na minne, tena na sharubu.

Alimpigia mama yake Busi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akauliza habari za kile kidole, akaridhika kwamba ni yeye. Akafurahi sana kwamba mwanawe hakumsahau mtu. Kisha akauliza kama ameitikiwa.

Abuu alisema hapana.

"Basi shikamoo yako ipo njiani," mama akasema. "Sasa Abuu, umeshamwamkia. Utampigaje?"

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Abuu tangu kwenye mizani.

Kuna jambo lazima lielezwe hapa, la sababu iliyomtoa kwenye kizimba na kumleta kwenye ulingo wa kamba. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Daktari aliyelifanyia upasuaji alimwambia linaweza kutembea na kukimbia kwa adabu, lakini mateke na mieleka ahesabu vimekufa. Kazi iliyobaki ndani ya uwezo wake ilikuwa ngumi. Akaenda Majengo, nyuma ya ghala la mahindi, kwa Kocha Romani.

Romani alikuwa mtu wa makamo yaliyozidi, aliyefundisha ngumi jeshini miaka mingi, mpole wa sauti, asiyeharakisha neno wala hatua. Hakushtushwa na umaarufu wa Abuu. Alimtazama akirusha ngumi kwa siku tatu bila kusema kitu. Siku ya nne akamwambia kwamba mikono inafundishika, kichwa kinafundishika, ila wasiwasi wake ni miguu. Kwenye kizimba, mtu akianguka unamfuata. Unamwangukia na kumpiga hukohuko chini mpaka mwamuzi akuondoe, na Abuu alikuwa bingwa wa kufuata. Kwenye ngumi mtu akianguka unamwacha, unakwenda kona isiyo ya mtu, unasubiri.

"Nitakufundisha mpaka pambano la kwanza," Romani alisema. "Siku mtu atakapoanguka mbele yako, mimi sitamtazama yeye. Nitatazama miguu yako. Ikienda kona, wewe ni bondia, tutaendelea. Ikimfuata, tutapeana mikono, kila mtu ashike njia yake."

Akaleta gunia la pumba, akalining'iniza kwa fundo ambalo yeye mwenyewe angeweza kulifungua kwa kuvuta uzi. Abuu alipokuwa katikati ya kupiga, Romani anavuta uzi, gunia linaanguka. Wiki ya kwanza Abuu alilirukia, akalikalia na kulitwanga mpaka likapasuka. Romani hakugomba. Alichukua shazia, sindano ya kushonea magunia, akakaa kwenye kigoda akalishona polepole mbele ya Abuu, kila siku, na kila siku Abuu alilazimika kusimama amtazame akimaliza kushona. Mwezi wa pili gunia lilianguka mara thelathini na Abuu alikwenda kona mara thelathini. Romani alisema vizuri, lakini gunia si mtu.

Saa saba mchana ile Ijumaa, Stanley Mazengo alikuja mwenyewe Majengo, akamkuta Abuu kwa kocha. Alikuja peke yake, na mfuko wa zabibu mkononi, maana kwao mtu haendi kwa mtu mikono mitupu hata akiwa amekasirika. Akaweka mfuko juu ya benchi. Romani alimkaribisha, akatazama nyuso za wawili wale, akakumbuka ana shughuli ghalani.

Walikaa. Abuu alianza kuomba radhi, Stanley akamkatiza kwa mkono wenye kile kidole.

"Wewe ndiye yule wa karai," alisema.

"Ndiye mimi, kaka."

"Ulikuwa unamwaga nusu njiani." Akatikisa kichwa. "Na leo umenimwaga mimi."

Akaeleza bila kupandisha sauti. Alipoanza ngumi za kulipwa, mtu aliyekuwa akimwandalia mapambano alimkata miaka saba, kwa sababu bondia anayeanza na miaka ishirini na mitano alionekana amechelewa. Stanley alicheka wakati ule, kama wanavyocheka wenzake wengi, kwamba kila mwanamichezo ana umri wa mama yake na umri wa ulingoni. Baadaye ikawa huwezi kurudisha ile miaka bila kurudisha na leseni. Aliyevuka arobaini anahitaji kibali maalumu, na kibali hapewi mtu aliyekwisha kudanganya. Amepigana mara arobaini na moja, karibu zote akiwa jina dogo chini ya bango. Hili la kesho ndilo la kwanza ambalo jina lake limeandikwa kwa herufi sawa na za mwenzake. Na sasa, kwa shikamoo ile, wasimamizi wa mchezo wamewaita wote wawili saa kumi jioni, kuulizwa.

Abuu alimwuliza anataka aseme nini.

"Sikuja kukuomba uongo. Mama yako alinilisha, siwezi kumwomba mwanawe uongo. Sema utakachosema." Akasimama, akajinyoosha. "Nililojia ni moja. Tukikutana ulingoni, usiniheshimu. Heshima nimeshiba, Abuu. Ngumi ndiyo sijashiba."

Akaondoka. Zabibu zilikuwa tamu sana, na Abuu hakuweza kula zaidi ya tatu.

Saa kumi walikaa mbele ya meza ya Mama Paskazia, msimamizi wa leseni, mwanamke mtu mzima mwenye miwani ya kamba shingoni. Mbele yake kulikuwa na mafaili mawili. Hakuzunguka. Alimwuliza Abuu kwa nini alimwamkia mpinzani wake, kama ilikuwa kejeli au ilikuwa kweli.

Abuu alisema ilikuwa kweli.

Kalamu ya Mama Paskazia ikasimama. Stanley alikuwa akitazama sakafu. Mama Paskazia akauliza, basi, kweli ya namna gani.

Abuu alikuwa amelifikiria jibu njia nzima na hakulipata, lakini sasa lilikuja lenyewe. "Mama, huyu ana mapambano arobaini na moja ya ngumi. Mimi sina hata moja. Kwenye mchezo huu mimi nimezaliwa juzi. Nani amwamkie mwenzake?"

"Miaka yake unaijua?"

"Cheti mnacho ninyi, mama."

Mama Paskazia alimtazama kwa muda mrefu. Labda aliona kilichokuwa nyuma ya lile jibu na labda hakukiona. Mtu anayesoma mafaili miaka ishirini hujua pia kusoma nyuso, lakini huandika yaliyosemwa tu. Alifungua faili la Stanley, akapitia vipimo vya kichwa na vya moyo vilivyofanywa wiki ile, akasema ni vya mtu mzima wa afya njema kuliko vijana wengi anaowapitisha. Akagonga muhuri. Kisha akasema, kwa wote wawili na bila kumtazama yeyote, kwamba muhuri wake unasema tu mtu anaweza kupigana kesho. Hausemi lolote kuhusu jana.

Kama Abuu alidanganya au hakudanganya, wengine watapima wenyewe. Yeye usiku ule alilala vibaya.

Pambano lilikuwa Jumamosi alasiri, raundi nane, na jua lilikuwa bado linaingia kwa madirisha ya juu ya ukumbi. Vijana wa mtaani walikuwa wamekuja na mabango ya Shikamoo Babu. Upande wa pili walikaa watu wa Buigiri, alikozaliwa Stanley, na baadhi yao walikuwa wamesoma shule ya wasioona ya palepale kijijini. Kila mmoja wao alikaa na mtu wa kumsimulia sikioni, na kabla ya kengele ya kwanza walikuwa ndio wenye kelele kuliko wote. Stanley alikulia kando ya uzio wa shule ile. Michezo yake ya kitoto ilikuwa kukimbizana na wanafunzi waliomkamata mtu kwa kusikia kishindo chake, na ndiko alikojifunza kukanyaga chini bila sauti.

Abuu aliligundua hilo raundi ya kwanza. Alizoea kusikia miguu ya mtu kabla ya kuona ngumi yake. Miguu ya Stanley haikusema chochote. Ngumi ya kushoto ilitoka mahali pasipo na mtu, ikamgonga paji, na alipogeuka kujibu hakukuwa na mtu. Raundi ya pili ilikuwa vilevile. Na alipompata, kwa maana alimpata mara kadhaa, mkono wake ulifika umechoka. Alijua mwenyewe. Ulikuwa ukitoka begani vizuri, lakini karibu na ule uso unakumbuka kitu, unalegea.

"Unampiga au unampapasa?" Romani alimwuliza kwenye kona baada ya raundi ya tatu, akimfuta uso. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kujua.

Raundi ya nne walikumbatiana kwenye kamba, Stanley akamwekea kidevu begani na kumwambia sikioni, kati ya pumzi na pumzi, "Nilikwambia usiniheshimu." Mwamuzi akawatenganisha. Walipokumbatiana tena Stanley alisema, "Uwesu asingenifanyia hivi. Uwesu angenipiga."

Kengele ililia. Abuu alikaa kwenye kigoda akitazama mbele. Uwesu na Kaka Mazoezi walikuwa wakipigana uani kila jioni, anakumbuka, mpaka mama anatoka na mwiko kuwaachanisha, na baada ya hapo walikula sahani moja. Hakuna aliyemwonea mwenzake huruma, na hakuna aliyemkosea mwenzake adabu. Kumbe yeye alikuwa ameyachanganya. Alidhani anamheshimu mtu, kumbe anamnyima kile alichokuja kukitafuta.

Raundi ya tano mkono ukaacha kulegea. Watu walisimama. Sasa ilikuwa ngumi kweli, Stanley akichoma kwa kushoto na Abuu akiingia chini yake na kupiga mbavu, na mara moja Stanley alipopigwa sawasawa Abuu aliona, angeapa kwa hilo, ameachia tabasamu nyuma ya kinga ya meno.

Raundi ya sita, katikati, Stanley alishusha mkono wa kulia kidogo. Konde la pembeni la Abuu likapita juu yake, likatua chini ya sikio. Stanley alikaa chini kwanza, kama mtu anayetafuta kigoda, halafu akalala ubavu.

Kila mtu mle ndani alijua Nyuki hufanya nini mtu akianguka. Romani, kwenye kona, alishusha macho yake kutoka kwa Stanley akayapeleka kwenye miguu ya Abuu.

Miguu ilimfuata.

Hatua mbili, goti bovu likagusa turubai, na wanawake wa mstari wa mbele wakaziba macho. Lakini mikono haikupanda. Ilishuka na glovu zake, mmoja ukaingia chini ya kwapa la Stanley, mwingine ukashika kiwiko, na Abuu akaanza kumwinua taratibu, kama mtu yeyote wa kwao anavyomwinua mkubwa aliyejikwaa mlangoni.

Mwamuzi alimvuta kwa nguvu. Akasimamisha saa, akampeleka hadi kona ya mbali, akamnyang'anya pointi moja kwa kumgusa mtu aliye chini, akarudi ndipo akaanza kuhesabu. Stanley alisimama kwenye nane. Waliohesabu kwa saa zao walisema alikuwa amekaa chini karibu sekunde ishirini. Romani alikuwa ameegemea kamba, kichwa ndani ya taulo.

Raundi mbili zilizobaki walipigana kama watu wanaopendana. Mwisho wake jaji mmoja alitoa sare, na wawili wakampa Stanley ushindi kwa pointi moja. Hata asiyejua hesabu aliweza kuijua hiyo moja ilikotoka.

Mtangazaji alimpa Stanley kipaza sauti, akamwuliza baada ya kumshinda nyota kama huyu, sasa anamtaka nani, anautaka mkanda upi. Watu wa Buigiri walikuwa wakiimba. Stanley alingoja mpaka wamalize. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa. Akageuka, akamtafuta Abuu kwa lile lililobaki.

"Marahaba, mdogo wangu," alisema.

Kicheko kilianza halafu kikakosa pa kwenda. Abuu aliinamisha kichwa. Stanley alisema wengine walioiona ile shikamoo walidhani ni matusi, na yeye mwenyewe aliikimbia, lakini ilikuwa yake halali na alikuwa anadaiwa jibu tangu jana. Kisha akashuka ulingoni kwa ngazi, akashika kamba kwa kile kidole kilichopinda, akaenda hadi kwenye meza ya wasimamizi. Akaweka kitabu chake cha leseni mbele ya Mama Paskazia. Walio karibu walimsikia akimwambia kwamba miaka iliyomo humo imepungua saba, na kwamba hatakihitaji tena. Mama Paskazia alivua miwani. Alisema yapo mambo yatakayofuata, na hata ushindi wenyewe huenda ukafutwa. Stanley alisema anajua. Alisema pambano lenyewe hawawezi kulifuta.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimoja kwa wote. Kidole cha Stanley kilikuwa kimevimba na hakuweza kufungua bandeji zake mwenyewe, kwa hiyo Abuu aliomba karai la maji, akakaa chini mbele yake akazifungua, mzunguko kwa mzunguko.

"Ulininyanyua kwa nini?" Stanley aliuliza mwishoni.

Abuu alifikiri. "Ulikuwa umeanguka, kaka."

Stanley alianza kucheka, akashika mbavu zilipouma, akaendelea kucheka.

Mlango ulifunguka, Romani akaingia. Abuu alisimama. Alijua anachokuja kuambiwa, na alikuwa ameshapanga kumshukuru na kumpa mkono kabla hajaombwa. Akautoa mkono.

Romani aliutazama ule mkono, hakuupokea.

"Miguu ilimfuata," alisema.

"Ndiyo, kocha."

"Nilikwambia nitatazama miguu. Nikaitazama. Ikanionyesha mtu wa kizimbani." Akatoa taulo begani, akalikunja mara mbili, akalikunja tena. "Kisha nikainua macho. Mikono ilikuwa inafanya jambo jingine kabisa. Ni kosa la kanuni, limekugharimu pambano, na sitakuficha kwamba limeniuma. Ila mimi niliogopa utamwua mtu aliye chini, nikakufundisha kwa woga huo. Kumwacha unayetaka kumwinua, hilo sikukufundisha. Kosa hilo sikuandikii wewe, ni langu."

Abuu hakujua kama anaruhusiwa kuushusha mkono.

"Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi," Romani alisema akielekea mlangoni. "Gunia litaanguka. Utaliacha lilale. Na likisimama lenyewe," akaongeza, bila kugeuka, "hapo unaweza kuliamkia."